Jupp Heynckes: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja makocha wa Kijerumani kijiweni, wa kwanza kutajwa ni Klopp, halafu Tuchel, halafu labda Flick. Heynckes hukumbukwa wa nne, na anayemkumbuka mara nyingi anaukumbuka mwaka 2013 tu. Haya ndiyo maswali ninayokutana nayo kila jina lake linapozuka. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

Kwanza, jina lake linatamkwaje?

"Yup Hainkes." Jina lake kamili ni Josef, Jupp ni namna watu wa kando ya mto Rhine wanavyolikata, kama sisi tunavyomfanya Abdallah kuwa Dula na hakuna anayeshangaa. Wahispania walimwita Don Jupp. Ujerumani alikuwa na jina jingine, la kumchokoza. Nitalifikia.

Ametokea wapi?

Mönchengladbach, mji wa viwanda vya nguo magharibi mwa Ujerumani. Alizaliwa tarehe 9 Mei 1945, siku moja baada ya Ujerumani kusalimu amri katika Vita Kuu ya Pili, mtoto wa tisa kati ya kumi wa baba mhunzi. Kabla mpira haujamlisha alijifunza ufundi wa kupiga lipu. Mpira wa utotoni aliucheza Grün-Weiß Holt, klabu ya mtaani, kisha akachukuliwa na Borussia Mönchengladbach. Mwaka 1965, chini ya kocha Hennes Weisweiler, timu hiyo ya vijana wa palepale ikapanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani.

Alikuwa mchezaji mzuri kweli, au sifa zimekuja baada ya ukocha?

Swali hili huulizwa na waliozaliwa baada ya 1990, na siwalaumu. Jibu ni mabao 220 katika mechi 369 za Bundesliga. Katika historia nzima ya ligi hiyo waliomzidi ni watatu tu: Gerd Müller, Robert Lewandowski na Klaus Fischer. Kati ya hayo, 195 aliyafunga akiwa na Gladbach na 25 akiwa Hannover 96, alikokaa kuanzia 1967 hadi 1970 kabla ya kurudi nyumbani.

Hebu likumbuke hilo neno "kurudi". Maisha ya mtu huyu yote ni kuondoka na kurudi.

Alipenda kutokea upande wa kushoto na kuingia ndani kupiga. Gladbach ya enzi zake ilikuwa timu ya kasi, inayokungoja upoteze mpira kisha inakukimbilia. Akiwa nayo alitwaa ubingwa wa Ujerumani 1971, 1975, 1976 na 1977, na Kombe la Ujerumani 1973. Msimu wa 1973/74 alimaliza sawa na Gerd Müller kwa mabao 30, na msimu uliofuata akawa mfungaji bora peke yake kwa mabao 27. Fainali ya Kombe la UEFA ya 1975 dhidi ya Twente, mechi ya kwanza ilikwisha 0-0. Ya marudiano, ugenini Uholanzi, Gladbach wakashinda 5-1 na matatu ni yake.

Mashabiki wa Liverpool nao wanamjua, hata kama hawajui kuwa wanamjua. Fainali ya Kombe la Ulaya (leo Ligi ya Mabingwa) ya 1977 kule Roma, Liverpool walipotwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza kwa mabao 3-1, waliokaa upande wa pili ni Gladbach, na Heynckes alikuwamo uwanjani.

Ni bingwa wa dunia?

Ndiyo, wa 1974, na bingwa wa Ulaya wa 1972. Mechi 39 za taifa, mabao 14. Lakini tuseme ukweli: katika Kombe la Dunia alicheza mechi mbili za mwanzo tu, dhidi ya Chile na Australia, na fainali aliitazama. Euro 1972 ndiyo aliyoicheza hadi fainali, Wajerumani walipowafunga Wasovyeti 3-0 mjini Brussels.

Ile mechi ya 12-0 ilitokea kweli?

Ilitokea. Tarehe 29 Aprili 1978, siku ya mwisho ya msimu, Gladbach na Köln walikuwa sawa kwa pointi, lakini Köln walikuwa mbele kwa tofauti ya mabao kumi. Mabao kumi! Mtu mwenye akili timamu angekwenda uwanjani kumaliza ratiba. Gladbach wakawakaribisha Borussia Dortmund katika uwanja wa Düsseldorf, na Heynckes akafunga kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mapumziko ilikuwa 6-0.

Fikiria hali ya Köln, wanaocheza Hamburg dhidi ya St. Pauli, huku redio inawaletea habari za Düsseldorf bao moja baada ya jingine. Wakajikaza, wakashinda 5-0. Gladbach wakamaliza 12-0, ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya Bundesliga, na ubingwa wakaukosa kwa tofauti ya mabao matatu. Timu zote mbili zilifunga mabao 86 msimu ule.

Heynckes alifunga matano kati ya yale kumi na mawili, na hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho ya ligi kabla ya kutundika daluga. Mabao matano siku ya kuaga, na bado unarudi nyumbani bila kombe. Kocha wa Dortmund siku hiyo alitimuliwa mara moja. Aliitwa Otto Rehhagel, na miaka 26 baadaye aliipa Ugiriki ubingwa wa Ulaya.

Aliingiaje kwenye ukocha?

Kwa mlango wa nyumbani. Mwaka mmoja alikuwa msaidizi wa Udo Lattek hapohapo Gladbach, na 1979, akiwa na miaka 34, akakabidhiwa timu. Alikaa miaka minane bila taji hata moja. Alikaribia: mwaka 1980 alipoteza fainali ya Kombe la UEFA kwa Eintracht Frankfurt kwa kanuni ya mabao ya ugenini (jumla ikiwa sawa, aliyefunga mengi ugenini ndiye alishinda), na 1984 akapoteza fainali ya Kombe la Ujerumani kwa Bayern kwa matuta. Mmoja wa waliokosa penalti siku hiyo ni Lothar Matthäus, ambaye tayari ilijulikana kuwa anahamia Bayern. Maneno yaliyofuata unaweza kuyakisia mwenyewe.

Halafu Novemba 1985: Gladbach 5, Real Madrid 1. Wiki mbili baadaye Madrid wakashinda 4-0 kwao na kuwatoa.

Kwa nini walimwita Osram?

Osram ni kampuni ya Kijerumani ya balbu. Heynckes alipokasirika au kubanwa, uso wake ulikuwa mwekundu, kisha ukang'aa. Husimuliwa kuwa aliyembandika jina hilo ni Wolfram Wuttke, kiungo mtukutu wa Gladbach mwanzoni mwa miaka ya 1980. Heynckes hakulipenda, na hilo ndilo lililolifanya lidumu.

Silitaji kwa kuchekesha tu. Heynckes kijana alikuwa mkali, mtu wa amri, mwepesi wa kuwaka. Bila kumjua huyo, hutaona ajabu ya mzee mtulivu aliyekuja baadaye.

Ni kweli aliwaahidi mashabiki wa Bayern Kombe la Ulaya?

Kweli kabisa. Alikwenda München 1987, akimrithi Lattek kwa mara ya pili, na akachukua ubingwa 1989 na 1990. Kwenye sherehe za 1990, akiwa kwenye roshani ya jumba la jiji pale Marienplatz, umati umejaa chini, akaahidi kombe hilo mwaka unaofuata.

Aprili 1991 Bayern walikuwa Belgrade, nusu fainali ya pili, wanaongoza 2-1 baada ya kufungwa 2-1 nyumbani. Muda wa nyongeza unanukia. Dakika ya mwisho kapteni Klaus Augenthaler akanyoosha mguu kuzuia krosi, mpira ukapaa, ukashuka nyuma ya kipa wake mwenyewe. 2-2. Red Star, wenyeji wa Belgrade, wakaenda fainali na kulichukua kombe.

Oktoba mwaka huohuo, baada ya kufungwa 4-1 nyumbani na Stuttgarter Kickers, Heynckes alifungashiwa virago. Uli Hoeneß, meneja wa Bayern na mwenzake wa zamani wa timu ya taifa, amesema zaidi ya mara moja kwamba kumfukuza kulikuwa kosa lake kubwa kuliko yote. Deni la roshani lilibaki palepale kwa miaka 22.

Aligombana na Okocha na Yeboah?

Hapa ndipo sisi Waafrika tulipomchukia, na tulikuwa na sababu. Baada ya miaka miwili mizuri Athletic Bilbao alirudi Ujerumani 1994 kuifundisha Eintracht Frankfurt. Pale palikuwa na Tony Yeboah wa Ghana, kapteni, aliyemaliza kinara wa mabao wa Bundesliga kwa misimu miwili mfululizo pamoja na wengine, na Jay-Jay Okocha wa Nigeria, aliyempiga chenga Oliver Kahn hadi kipa wa watu akabaki anatambaa.

Desemba 1994 Heynckes hakuridhika na mazoezi, akaamuru mbio za ziada. Yeboah, Okocha na Maurizio Gaudino wakagoma, na mechi iliyofuata hawakucheza. Klabu ikasimama na kocha. Yeboah akaenda Leeds, ambako yale mashuti yake dhidi ya Liverpool na Wimbledon yanatazamwa hadi leo. Gaudino akaenda Manchester City. Okocha akabaki kwa muda. Miezi michache baadaye kocha mwenyewe akaondoka. Mwaka 1996 Frankfurt wakashuka daraja kwa mara ya kwanza.

Kwa maoni yangu, alikosea. Nidhamu si jambo la kuchezea, lakini ukimpoteza mfungaji bora wa ligi kwa ajili ya mbio za kuzunguka uwanja, hesabu zako zina kasoro mahali.

Alishindaje Ligi ya Mabingwa na Real Madrid, kisha akafukuzwa?

Kwanza alipitia Tenerife, timu ya kisiwani, akaifikisha nusu fainali ya Kombe la UEFA 1997. Madrid wakamwita. Walikuwa hawajalichukua Kombe la Ulaya tangu 1966, na kwa klabu ile miaka 32 ni kama laana.

Nusu fainali dhidi ya mabingwa watetezi, Dortmund, tarehe 1 Aprili 1998, ilikaribia kutochezwa. Mashabiki nyuma ya lango moja la Bernabéu waliupanda na kuuvuta uzio ambao nyavu zilifungiwa, na goli zima likaanguka kabla mpira haujaanza. Hapakuwa na la akiba. Watu wakatumwa uwanja wa mazoezi, goli likaletwa kwa gari, na mechi ikaanza ikiwa imechelewa zaidi ya saa nzima. Watangazaji wa televisheni ya Ujerumani, wakijaza muda, walitania kwamba hakujawahi kuwa na mchezo unaohitaji goli kama ule. Utani huo kwa Kiswahili unakaa vizuri kama kwa Kijerumani. Madrid wakashinda 2-0.

Fainali ilikuwa Amsterdam, tarehe 20 Mei, dhidi ya Juventus ya Zidane na Del Piero. Predrag Mijatović akafunga bao pekee. Siku chache baadaye Heynckes hakuwa tena kocha wa Real Madrid. Sababu: kwenye ligi ya Uhispania walimaliza wa nne, na chumba cha wachezaji kilikuwa kimeshamshinda. Wapo wanaosema alionewa. Mimi nadhani hata yeye alikuwa amechoka.

Miaka iliyofuata alikuwa wapi? Mbona hasikiki?

Benfica, ambako alifungwa 7-0 na Celta Vigo. Bilbao tena. Schalke, ambako alitimuliwa Septemba 2004, na meneja wao Rudi Assauer akasema hadharani kwamba Jupp ni mtu wa mpira wa shule ya zamani ilhali sasa ni 2004. Kisha Gladbach, nyumbani, 2006. Huko ndiko kulikouma zaidi: mechi kumi na nne bila ushindi, vitisho vya kuuawa, na Januari 2007 akajiuzulu mwenyewe. Akaenda kutulia kwenye nyumba yake ya shamba huko Schwalmtal, karibu na mji aliozaliwa. Alikuwa na miaka 61, na hakuna aliyeuliza atarudi lini.

Alirudije, basi?

Kwa simu ya rafiki. Aprili 2009 Bayern walimfukuza Jürgen Klinsmann zikiwa zimebaki mechi tano, na Hoeneß akampigia mzee. Akashinda nne, sare moja, akamaliza wa pili. Ilitosha kumuonjesha tena. Leverkusen wakamchukua, na msimu wake wa kwanza wakacheza mechi 24 za mwanzo za ligi bila kufungwa.

Waliofundishwa na yule wa zamani na yule mpya waliona watu wawili tofauti. Huyu mpya alizungumza na mchezaji mmoja mmoja, alisikiliza, hakuwaka. Uso ulibaki mwekundu lakini balbu ilikuwa imezimwa.

Fainali ya 2012 aliipotezaje?

Hii naisimulia nikiwa bado na kidonda. Bayern walicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa katika uwanja wao wenyewe, Allianz Arena, tarehe 19 Mei 2012, dhidi ya Chelsea. Bayern walipiga kona 20. Chelsea walipiga moja.

Nilikuwa kwenye kibanda umiza Temeke, viti vya plastiki, feni moja inayopeleka joto upande wetu. Thomas Müller alipofunga dakika ya 83, mwenye kibanda alianza kukusanya chupa za soda. Heynckes akamtoa Müller na kumwingiza beki, Daniel Van Buyten. Dakika ya 88 ikaja ile kona moja, Didier Drogba akaruka, na chupa zikarudi chini. Muda wa nyongeza Arjen Robben akapiga penalti na Petr Čech akaidaka. Kwenye matuta kipa Manuel Neuer alifunga la kwake, lakini Ivica Olić na Bastian Schweinsteiger wakakosa. La mwisho alipiga Drogba. Tulitoka usiku wa manane umeshapita.

Je, kumtoa Müller kulikuwa kosa? Mimi nasema ndiyo. Lakini ukihesabu nafasi walizopoteza Bayern siku ile, lawama ya kocha inakuwa ndogo. Msimu huo walimaliza wa pili katika kila kitu: ligi nyuma ya Dortmund, Kombe la Ujerumani kwa kufungwa 5-2 na Dortmund haohao, na Ulaya.

Mwaka uliofuata alibadilisha nini?

Alimtaka Javi Martínez kutoka Bilbao, klabu aliyoifundisha mara mbili, na Bayern wakatoa euro milioni 40, rekodi ya Ujerumani wakati huo. Akaja Dante nyuma na Mario Mandžukić mbele. Lakini badiliko kubwa halikununuliwa: aliwafanya Franck Ribéry na Robben, nyota wawili wenye majivuno yao, wakimbie kurudi nyuma kukaba kama mabeki wa pembeni.

Januari 2013 klabu ilitangaza kwamba Pep Guardiola angechukua kazi kiangazi. Kocha mwingine angenuna. Heynckes akaendelea kushinda. Ubingwa ulipatikana tarehe 6 Aprili zikiwa zimebaki mechi sita: pointi 91, mabao 98 ya kufunga, 18 tu ya kufungwa, pointi 25 mbele ya Dortmund. Barcelona wakafungwa jumla ya 7-0 nusu fainali. Wembley, tarehe 25 Mei, upande wa pili alikuwa Jürgen Klopp na Dortmund yake. Mandžukić akafunga, İlkay Gündoğan akasawazisha kwa penalti, na dakika ya 89 Robben, yuleyule wa penalti ya mwaka jana, akamaliza. Wiki moja baadaye Stuttgart wakafungwa 3-2 kwenye fainali ya Kombe la Ujerumani. Hakuna klabu ya Ujerumani iliyowahi kuchukua mataji yote matatu katika msimu mmoja kabla ya hapo. Aliyesimamia alikuwa na miaka 68, na mpira wa shule ya zamani.

Mechi yake ya mwisho ya ligi msimu huo ratiba iliipeleka Mönchengladbach. Bayern walikuwa nyuma 3-1 mapema, wakashinda 4-3. Alipokaa mbele ya waandishi wa habari, alilia.

Mbona alirudi tena 2017?

Carlo Ancelotti alitimuliwa baada ya kufungwa 3-0 na PSG, Bayern wakajikuta pointi tano nyuma ya Dortmund, na Hoeneß akashika simu. Heynckes alikuwa na miaka 72, na mbwa anayeitwa Cando aliyezoea kutembezwa asubuhi. Akasema msimu mmoja tu.

Walimaliza pointi 21 mbele ya wa pili. Ulaya wakatolewa na Real Madrid nusu fainali. Fainali ya Kombe la Ujerumani walifungwa 3-1 na Frankfurt ya Niko Kovač, ambaye ndiye aliyekuwa ameshatangazwa kumrithi. Na mechi yake ya mwisho ya ligi Allianz Arena ilikwisha 4-1 kwa wageni kutoka Stuttgart, matokeo yaleyale yaliyomfukuzisha 1991, ingawa safari hii ni VfB Stuttgart, si Kickers, na hakuna aliyejali.

Ana mataji mangapi ya Bundesliga kwa jumla?

Nane. Manne kama mchezaji, manne kama kocha: 1989, 1990, 2013, 2018. Ameshiriki mechi zaidi ya 1,000 za ligi hiyo ukijumlisha kazi zote mbili.

Nikitaka kumjua, nitafute mechi gani?

Bayern 4, Barcelona 0, tarehe 23 Aprili 2013. Usiuangalie mpira. Kila Bayern wanapoupoteza, mtazame Ribéry kushoto na Robben kulia, uone nani anafika kwanza nyuma.